Usiku wa mwisho Pwani: Lala mji upi kabla ya ndege ya kurudi Nairobi?

Ukitaka kujua kama mbogi imepanga safari au imebahatisha, usiangalie siku ya kufika Pwani. Siku hiyo kila mtu ni mkali. Dafu liko mkononi, miwani ya jua iko usoni, na picha zimeshapanda kwenye simu kabla hata begi halijafunguliwa. Angalia usiku wa mwisho. Hapo ndipo utakuta watu sita wamejazana kwenye kitanda kimoja saa sita usiku, wakibishana kama watoke saa tisa au saa kumi alfajiri. Hakuna mwenye namba ya dereva, simu zimebaki na chaji kidogo, na ndege inaruka kutoka Mombasa saa moja asubuhi.

Vijana wa Nairobi tuna tabia ya kupanga likizo kwa kuangalia mwanzo wake. Tunajua tutafikia wapi, tutakula nini siku ya kwanza na tutavaa nini siku ya pili. Usiku wa mwisho tunauacha ujipange wenyewe. Na huo ndio unaoweza kukugharimu zaidi. Tiketi nyingi za bei nafuu ukizikosa pesa hairudi. Unanunua nyingine kwa bei utakayoikuta siku hiyo, au unapanda basi usiku kucha, na Jumatatu bosi hataki hadithi za foleni ya Mtwapa.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipata sababu ya kulifikiria hili jambo kwa makini. Mamangu anauza mitumba ya nguo za watoto Dandora. Zamu yake ya chama ilifika, nami nilikuwa nimeweka kando doo za kazi ndogondogo za kuandikia watu mitandaoni, kazi ninayofanya tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Tukaunganisha: yeye alipe malazi, mimi nilipe tiketi. Mathe alikuwa hajawahi kuona bahari wala kupanda ndege. Tulikuwa na usiku nne, na ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili saa mbili na nusu asubuhi kutoka Mombasa. Jumatatu alikuwa na robota jipya la kufungua, na katika biashara ya mitumba, wateja wa kwanza ndio huondoka na nguo nzuri na kukuachia faida. Akikosa ndege, anakosa siku hiyo pia.

Dadangu alitaka Diani. Mimi nilitaka Watamu, na bado nikiulizwa mji mzuri Pwani nitasema Watamu. Mathe alitusikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Babaa, usiku wa mwisho nitalala wapi bila wasiwasi?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuchukue ramani na kuanza kuhesabu upya.

Anza na tiketi, si picha

Watu wengi husema "naenda Pwani" kana kwamba Pwani ina mlango mmoja. Ukiwa unarudi Nairobi kwa ndege, una angalau milango minne. Kuna Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ulio bara upande wa Port Reitz, nje ya kisiwa. Kuna uwanja mdogo wa Ukunda, karibu kabisa na Diani. Kuna uwanja wa Malindi, ulio pale pale mjini. Na kuna uwanja wa Manda, unaohudumia Lamu, ambao uko kwenye kisiwa kingine kabisa.

Ukishajua mlango wako, nusu ya kazi imeisha. Mtu anayeruka kutoka Ukunda na kulala Diani anaweza kuogelea asubuhi, akaoga, akala, na bado akawahi. Huyo huyo, akiwa na tiketi ya Mombasa, ana safari ya kilomita 40 hivi mbele yake kabla ya kuona kaunta ya uwanja.

Jambo ambalo wengi hawalitumii ni hili: si lazima uondokee ulikoingilia. Unaweza kushukia Mombasa, ukapanda polepole kuelekea kaskazini kupitia Kilifi na Watamu, kisha ukarukia Malindi. Ukinunua tiketi za kwenda na kurudi moja moja, linganisha bei za viwanja vyote kabla ya kulipa. Wakati mwingine tofauti ya bei ni ndogo kuliko nauli ya kurudi Mombasa kwa teksi mbogi nzima.

Uwe pia macho na ndege ndogo. Zile zinazotua Wilson, baadhi yake huruhusu mzigo wa kilo 15 pekee, na hupendelea begi laini kuliko sanduku gumu. Ukishajaza achari, halua na leso, kilo 15 si nyingi.

Hesabu madaraja, si kilomita

Ramani ya simu itakuambia Kilifi iko kilomita 60 kutoka Mombasa. Kwenye akili ya mtu wa Thika Road, hiyo ni kama kwenda nyumbani na kurudi. Lakini Pwani, kilomita hazisemi ukweli wote. Mombasa ni kisiwa, na kila unapotoka kwenda, kuna maji ya kuvukwa.

Ukitoka kaskazini, barabara ya Malindi inapita daraja la Kilifi, kisha daraja la Mtwapa, kisha inakuja Nyali. Ukivuka Daraja la Nyali unaingia kisiwani, unakikata, halafu unatoka tena upande wa Makupa kuelekea Changamwe na uwanja wa ndege. Kwenye kipande hicho cha mwisho unachanganyika na malori ya bandari ya Kilindini, ambayo hayana haraka na hayajali tiketi yako. Mahali popote hapo pakiwa na ajali au ukarabati, njia za kukwepa ni chache.

Ukitoka kusini, zamani hukuwa na ujanja. Ilikuwa kivuko cha Likoni tu, na kila mtu Mombasa ana hadithi ya feri iliyochelewa. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu 2024 inakutoa Kusini mwa Pwani hadi upande wa Miritini bila kugusa feri. Kwa msafiri wa Diani mwenye tiketi ya Mombasa, hii imebadilisha mambo. Lakini mwambie dereva mapema kwamba unataka kupita Dongo Kundu, na mkubaliane bei kabla ya kuwasha gari, kwa sababu ni njia ya kuzunguka na wengine wataongeza.

Kanuni tuliyoitumia ni rahisi. Chukua muda ambao ramani inakupa. Ongeza nusu saa kwa kila mvuko ulio mbele yako. Kisha angalia ndege ni ya saa ngapi. Ikiwa jibu linakutaka utoke kabla ya saa kumi alfajiri, badilisha mji, si saa ya kengele.

Miji yenyewe, mmoja mmoja

Diani. Mchanga mweupe, mbega mitini, mikahawa ya kila bei. Karibu na hapo kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, moja ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Wazee wenyewe ndio huwatembeza wageni huko, kwa masharti yao. Kama unarukia Ukunda, usihangaike kutafuta mahali pengine. Kama unarukia Mombasa asubuhi na mapema, pendeza siku za katikati, kisha uvuke jioni iliyotangulia.

Kilifi. Hapa ndipo vijana wengi wa Nairobi wamehamishia roho zao miaka ya karibuni, na sababu inaonekana. Mji ni mdogo, kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, chakula ni cha bei ya kawaida, na hori lake ni zuri hata ukiwa umekaa tu. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuzamia nchi kavu. Ukitaka kuona jua likizama juu ya maji, unahitaji hori au mkono wa bahari, na Kilifi inalo. Magofu ya Mnarani yako juu ya hori hilo upande wa kusini. Kwa ndege ya alasiri kutoka Mombasa, Kilifi ni chaguo fiti. Kwa ndege ya asubuhi, utalala huku unasikiliza saa.

Watamu. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1968, na maji yakipwa unaweza kutembea hadi kwenye mawe ya matumbawe ukaona samaki wa rangi zote kwenye vidimbwi. Mida Creek iko karibu kwa jioni, Gede iko karibu kwa historia, na msitu wa Arabuko-Sokoke uko ng'ambo ya barabara kuu. Ni mji wa kutembea kwa miguu au tuktuk. Ukirukia Malindi, Watamu ni usiku wa mwisho wa kuotea. Ukirukia Mombasa, una zaidi ya kilomita 100.

Malindi. Wengi huipita wakidhani ni mji wa wazee wa Kiitaliano. Waitaliano wapo kweli, na ndio maana unaweza kula pitsa ya maana na aiskrimu ya maana kwenye mji ambao barabara ya pili ina mama anayekaanga viazi karai. Mnara wa Vasco da Gama bado umesimama kwenye rasi yake. Mreno huyo alifika hapa 1498. Uwanja wa ndege uko karibu kiasi kwamba tuktuk inatosha.

Kuna jambo la Malindi ambalo Mnairobi anapaswa kulijua. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na wageni hulalamika. Ule ni udongo wa Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji. Sabaki ndio huohuo Galana, na Galana ndio huohuo Athi. Na Mto Nairobi, ule unaopita Dandora nyuma ya dampo, humwaga maji yake kwenye Athi. Nilipomwambia mathe haya, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe hawa watu wanaoga maji yetu." Kama unaenda Malindi kwa ajili ya maji ya buluu, epuka miezi ya mvua. Na kama umewahi kutupa takataka mtoni ukidhani zimepotea, sasa unajua zinakofika.

Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, na unatajwa kuwa mji wa Waswahili wa zamani zaidi na uliotunzwa vyema zaidi Afrika Mashariki. Punda ndio malori, na vichochoro vyake havina nafasi ya gari. Lakini Lamu si mji wa kupitia. Nenda kama utarukia Manda, na ukumbuke kwamba kati ya kitanda chako na ndege kuna mashua. Mweleze nahodha saa ya ndege usiku uliotangulia, si asubuhi ukiwa gatini na begi.

Mtwapa. Wote tunajua watu huenda Mtwapa kufanya nini, na si kulala. Ni mji wa kujibamba, na uko kilomita chache tu kaskazini mwa Nyali. Ukifikia huko siku ya kwanza, sina neno. Lakini mtu anayesema "tutatoka klabu moja kwa moja hadi uwanjani" ndiye yule utamkuta amelala kwenye kiti cha uwanja huku jina lake linaitwa kwenye spika kwa mara ya mwisho.

Kwa nini Mji wa Kale ulishinda kura

Tulilala usiku mbili Watamu na mmoja Kilifi, ili mathe aione bahari vizuri. Usiku wa nne tulikubaliana iwe Mombasa, Mji wa Kale. Tulifika Jumamosi kabla ya adhuhuri kwa matatu, tukiwa na mchana mzima mbele yetu na bila mvuko wowote zaidi ya ule wa Makupa.

Tulipata chumba kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa, yenye ngazi nyembamba na dirisha la mbao linalotazama kichochoro. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo. Mathe alimsabahi kwa Kiswahili chake cha Dandora, naye akacheka kwa upole akasema, "Karibu dadangu, pumzika kwanza, maneno yatafuata." Kabla hatujaketi, alitaka kujua ndege yetu ni saa ngapi na kama tuna gari la kutupeleka. Tulipojibu hatuna, akampigia jirani yake, dereva wa teksi, tukakubaliana bei palepale. Kazi yote ya usiku wa mwisho ilikamilika saa nane mchana.

Mji wa Kale unafaa kwa sababu hauhitaji gari. Magoti ya mathe si ya mbio, lakini kila kitu kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko mwanzo wa mtaa. Ndia Kuu inapita katikati, na jina lenyewe ni somo: kwa Kimvita njia ni ndia, na chungu ni tungu. Sisi tuliosoma Kiswahili cha kitabuni Nairobi tunafika hapa tukidhani tunajua lugha, kumbe tunajua ile iliyosanifishwa kutokana na Kiunguja. Mathe alifurahi sana kusikia kwamba hata mimi nasahihishwa.

Jioni tulienda Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso. Alitumia karibu saa nzima akisoma jina la kila leso kwa sauti, akicheka nyingine, akikataa nyingine kwa sababu "hii nikiipeleka kwa chama watadhani nawasema". Tulipita Marikiti kuchukua iliki, mdalasini na pilipili manga. Halua tukanunua ikiwa bado na joto. Kila mwanachama wa chama alipata kitu, na mzigo wote ukaingia kwenye begi moja.

Kisha tukachukua tuktuk hadi Mama Ngina, kule bustani ya ufukweni. Hapo wauzaji hukukaangia muhogo, wanaunyunyizia pilipili na ndimu, nawe unakaa kwenye ukuta unatazama mlango wa bandari. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia, imepita karibu mno kiasi kwamba watoto walikuwa wanawapungia mikono mabaharia. Mathe aliacha kutafuna. Ameuza mitumba miaka kumi na tisa. Kila robota alilowahi kufungua lilipita kwenye maji haya, likapakuliwa Kilindini, likabebwa na lori hadi Gikomba, na yeye ndiye wa mwisho kwenye mnyororo huo kabla ya mtoto fulani kuvishwa sweta.

"Huenda langu la Jumatatu limo humo," akasema.

Nilimweleza kwamba hapana, makontena hukaa siku kadhaa kabla ya kutoka bandarini. Akaniambia ninyamaze, aangalie meli yake.

Hapo ndipo nilielewa kwamba mji wa usiku wa mwisho unaweza kufanya kazi ambayo fukwe haiwezi. Watamu ilimpa likizo. Mombasa ilimwonyesha kazi yake ya kila siku inaanzia wapi, na aliporudi Dandora ndiyo hadithi aliyoisimulia kwanza, kabla ya ile ya samaki wa rangi.

Usiku tulikula mishkaki na viazi karai vya ukwaju, tukanywa kahawa tungu kwa kashata kwa mzee mwenye birika la shaba, na saa tatu na nusu mathe alikuwa amelala. Asubuhi tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Barabara ya Jumapili ilikuwa nyeupe, malori ya Changamwe yalikuwa yameegeshwa, na tulifika uwanjani tukiwa na muda wa kukaa chini na kula mahamri ambayo mama mwenye nyumba alitufungia kwa karatasi.

Mambo ya kujua kabla ya kuchagua Mji wa Kale

Si kila mtu atapenda. Hakuna fukwe ya kuogelea mlangoni, na hakuna kelele za klabu. Ni mtaa wa watu wanaoishi, wenye misikiti ambayo baadhi ina karne kadhaa, kwa hivyo kaptura fupi na vazi la kuogelea viache kwenye begi. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa kimya kwa upande wa chakula, lakini baada ya futari mitaa inaamka kweli kweli, na kama ndege yako ni ya mchana, huo ni usiku wa kukumbuka.

Adhana ya alfajiri itakuamsha. Kwa mwenye ndege ya asubuhi hiyo ni huduma ya bure.

Na kama ilivyo mji wowote mkubwa, simu usiishike mkononi ukizubaa usiku kwenye vichochoro usivyovijua. Muulize mwenyeji wako njia ipi ina watu.

Rada ya mwisho kabla ya kulipa chumba

Kwanza, jua uwanja na saa. Soma kwenye tiketi kaunta inafungwa saa ngapi, kwa sababu hiyo ndiyo saa yako halisi, si ile ya kuruka.

Pili, ndege ya asubuhi, lala upande wa mwisho wa mvuko. Ndege ya alasiri, unaweza kujipa mji wa mbali kidogo, lakini uwe barabarani kabla ya saa nne.

Tatu, kubaliana na dereva jana yake, na uwe na namba ya wa pili. Teksi za programu ni nzuri Mombasa mjini, lakini usiziwekee matumaini yote alfajiri ukiwa mji mdogo.

Nne, angalia maji. Kama ndoto yako ni kuogelea mara ya mwisho jioni, tafuta ratiba ya kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hurudi nyuma sana na unaweza kukuta mawe na mwani pale ulipotarajia mawimbi. Wavuvi wa karibu watakuambia bila kuangalia simu.

Tano, nunua zawadi kwenye mji wa mwisho, si wa kwanza, usije ukabeba mzigo mji hadi mji. Makombe na matumbawe yaache baharini. Kwenye hifadhi hairuhusiwi kuyaokota. Mafuta ya nazi na achari viweke kwenye begi la kupakiwa, vikiwa vimefungwa vizuri.

Sita, ukichagua kiti kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kaa dirishani upande wa kushoto. Safari ni ya saa moja hivi tu, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro hutokea huko. Mathe alikaa hapo. Alishika mkono wangu ndege ilipopaa, na alipouona mlima akauachia ili atoe simu.

Saba, muulize unayesafiri naye anataka nini usiku huo. Mbogi ya watu wazima itakupa majibu sita, lakini mzazi, mtoto au rafiki anayesafiri kwa mara ya kwanza mara nyingi anataka kitu kimoja tu, na si lazima kiwe bahari. Ukikijua, jina la mji utalipata haraka kwenye ramani.

Robota la Jumatatu lilifunguliwa saa moja asubuhi, kwa waliouliza. Sweta ziliisha kabla ya saa nne.